Kuacha nyama Kigoma: Nyumbani rahisi, kazi ipo mgahawani na kwenye sikukuu

Kigoma. Mtu akitangaza nyumbani kwake Ujiji kwamba ameacha nyama, swali la kwanza atakaloulizwa litakuwa fupi: "Na samaki je?"

Swali hilo lina uzito wake. Kwa Kiswahili nyama ni nyama na samaki ni samaki, na kando ya Ziwa Tanganyika mgebuka, sangala, kuhe na dagaa ndio kitoweo cha siku zote. Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kuku ina siku zake. Zipo nyumba Mwanga, Gungu na Katonga ambako wiki hupita bila kipande cha nyama kuingia sufuriani, na hakuna anayehesabu siku.

Kwa hiyo mzazi wa Kigoma anayetaka kuiondoa nyama kwenye sahani ya familia yake ana bahati ambayo mwenzake wa Arusha hana: siku za kawaida tayari ziko upande wake. Shida inaanza pale familia inapotoka. Inaanza mgahawani Jumamosi jioni, kwenye sinia la Iddi, kwenye pilau ya Krismasi, ndani ya treni ya likizo, na mbele ya televisheni watoto wakiwa na bakuli la bisi huku moshi wa mishikaki ya jirani ukiingia dirishani.

Nyama ya hapa ni chakula cha heshima na cha furaha. Anayeiacha hakosi shibe. Hofu yake ni kuonekana ameikataa furaha ya wenzake.

Sababu zinatofautiana

Wapo wanaoacha kwa ushauri wa daktari, baada ya presha au gauti kubisha hodi. Wapo Wasabato, ambao kanisa lao kwa muda mrefu limehimiza ulaji wa nafaka, mboga na matunda, na ambao hata wanaokula nyama hawagusi nguruwe wala samaki asiye na magamba kama kambale. Wapo wanaobanwa na bei ya kilo buchani. Na siku hizi wapo watoto, hasa wa darasa la tatu na kuendelea, wanaomwona jogoo akichinjwa uani na jioni wanaisukuma sahani.

Kuhusu afya, taarifa inayotajwa sana ni ya mwaka 2015, pale taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilipoiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, bekoni, nyama ya kopo na jamaa zake, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vile ambavyo huenda vikasababisha. Wataalamu hao walieleza kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Neno la kushika hapo ni "kila siku". Familia inayokula nyama Iddi, Krismasi na siku mgeni anapofika haina sababu ya kuingiwa na hofu kwa sahani yake. Mtoto anayenunuliwa soseji kando ya barabara kila anapotoka shule, huyo ndiye wa kufikiriwa.

Mtu maarufu kuliko wote aliyewahi kuishi Kigoma na kuacha nyama ni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 1, 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Habari yake na nyama ina vituko vyake, na ilianzia hapa hapa mjini.

Alifika mwaka 1960 akiwa na mama yake, wakati Kongo imetoka kupata uhuru na Wabelgiji wakivuka ziwa kwa mamia kukimbia machafuko. Kigoma ilijaa. Mama na binti wakaungana na waliokuwa wakiwaandalia wakimbizi chakula, na katika jioni moja kikundi chao kikatengeneza mikate 2,000 iliyojazwa nyama ya kopo. Baadaye Goodall aliandika kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuitazama nyama ile ya kopo. Julai 14 alishuka Gombe. Miezi mitatu baadaye, Oktoba, akamwona sokwe akila nyama, jambo ambalo wanasayansi wa wakati huo hawakulitarajia, kwa kuwa walidhani sokwe hula matunda na majani tu.

Hata hivyo hakuacha nyama wakati huo. Aliacha katika miaka ya 1970 baada ya kusoma kitabu cha mwanafalsafa Peter Singer, Animal Liberation, kilichotoka mwaka 1975 na kueleza namna wanyama wanavyofugwa kwa wingi viwandani. Alieleza mara nyingi kwamba baada ya kukisoma, kipande cha nyama kwenye sahani kilimkumbusha woga na maumivu. Kwa miongo mingi alisafiri takriban siku 300 kwa mwaka, akila kwenye hoteli, ndege na nyumba za watu. Kama kuna aliyeijua kazi ya kukaa mezani na wenzake bila kula nyama, ni yeye. Mwaka 2021 taasisi yake ilitoa kitabu cha mapishi ambacho jina lake linawaambia watu wale nyama kidogo zaidi, wala hakikuwaamuru waiache siku hiyo hiyo.

Kwanza jibu swali la samaki

Familia inayoanza bila kulijibu swali la samaki itagombana kabla ya wiki kwisha. Baba atasema ameacha nyama, mama atapika mgebuka wa kukaanga, na mtoto mmoja ataanza kulia kwamba samaki naye ana macho.

Kwa sehemu kubwa ya wakazi wa ufukweni, njia ya busara ni kuiacha nyama na kubaki na samaki, angalau mwanzoni. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo humpa mtoto madini ya chokaa pamoja na protini, na kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinatosha kubadili chungu kizima cha mboga. Anayetaka kuacha vyote ana hesabu nyingine ya kufanya, na hesabu hiyo itafika.

Ziwa lenyewe huwa linawafanyia watu jaribio. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Miezi hiyo mitatu iliwafundisha wengi mapishi ambayo bibi zao waliyajua. Hata katika miezi ya uvuvi, wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa, hivyo mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika na dagaa wabichi huadimika sokoni. Mpishi wa Kigoma amezoea kuuliza leo kuna nini, kisha akapika kilichopo.

Sufuria la nyumbani

Kilichopo ni kingi. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakipikwa kwa mawese na karanga huwa chakula kinachotosha bila kuongezwa kitu. Kuna maharage yanayoshuka kutoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe, kuna kunde, mbaazi, njugu mawe, mchicha, matembele, ndizi za kupika na viazi vitamu. Masika kuna uyoga wa porini, ambao ukikaangwa na kitunguu hutafunika kiasi cha kumfanya mgeni aulize ni nyama gani. Uyoga wa porini ununuliwe kwa anayeujua tu. Ule wenye sumu hauonyeshi kwa sura.

Mawese mekundu yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yenyewe husaidia mwili kukichukua. Ila mafuta ni mafuta. Vijiko viwili kwenye chungu cha familia vinatosha, si lazima sombe iogelee.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba ugali wa muhogo, ambao Kigoma unapendwa mno, una protini kidogo sana, pungufu hata ya ugali wa mahindi. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa samaki hana wasiwasi, maana samaki anaziba pengo. Akimwondoa nyama na samaki akabaki na ugali wa muhogo kwa mchicha, tumbo litajaa na mtoto hatakua. Ugali wa muhogo usiokuwa na samaki lazima uwe na maharage, kunde au karanga pembeni, na si kijiko kimoja cha kupambia.

Maharage nayo yana desturi zake. Yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Yataiva upesi, yatapunguza gesi tumboni na madini yake yatachukuliwa vizuri zaidi. Suala la mkaa si dogo, na ndilo linalowafanya akina mama wengi waone dagaa ni nafuu kuliko maharage hata kama kilo ya maharage ni rahisi. Anayechemsha chungu kikubwa mara mbili kwa wiki, akakiunga kidogo kidogo, anaokoa mkaa kuliko anayebandika kila siku. Chungu hicho kichemshwe tena asubuhi na jioni kama hakuna jokofu.

Halafu chai. Chai ya rangi pamoja na mlo hupunguza kiasi cha madini ya chuma kinachoingia mwilini kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Ndimu, chungwa, embe au nyanya mbichi hufanya kinyume chake. Familia iliyoacha nyama ingehamisha tu birika, chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, na ndimu ikamuliwe juu ya mchicha, ingekuwa imefanya kazi kubwa kwa gharama ya ndimu moja.

Hesabu iliyoahirishwa hapo juu ni ya vitamini B12. Hii inapatikana kwenye vyakula vya wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Maharage hayana. Sombe haina. Anayekula mayai, mtindi na dagaa yuko salama. Anayeacha vyote hivyo anahitaji vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, na upungufu wake hauji leo. Huchukua miezi au miaka, ukianza na uchovu na ganzi ya mikono na miguu.

Kwa mtoto mchanga haungoji hivyo. Mama anayenyonyesha ambaye hali kabisa chakula cha wanyama wala hatumii vidonge anaweza kumnyima mtoto B12 bila kujua. Na kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unataka wapate nyama, samaki au mayai kila siku pamoja na vyakula vingine. Mzazi anaweza kuacha nyama kwa imani yake, kwa afya yake au kwa huruma. Mtoto wa mwaka mmoja hajaamua lolote, na yai lake au uji wake uliotiwa unga wa dagaa usiondolewe kwa sababu ya uamuzi wa mtu mzima. Vivyo hivyo mjamzito: asiache kitu kabla ya kuzungumza na muuguzi wa kliniki, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa avimeze.

Nani anapika?

Hili huwa halisemwi. Baba anarudi kutoka hospitali, anatangaza kwamba yeye sasa ni mtu wa mboga, na kuanzia jioni hiyo mama anabandika masufuria mawili. Wiki mbili baadaye mama amechoka, na lawama zinaiangukia mboga.

Nyumba zinazofanikiwa hupika chungu kimoja ambacho wote wanakila, kisha kile cha ziada, samaki au nyama, kinapikwa kando na kuwekwa pembeni kwa wanaotaka. Aliyeacha naye ashike kisu. Kutwanga sombe ni kazi ya mikono yenye nguvu, na hakuna sheria iliyosema mikono hiyo isiwe ya baba.

Mgahawani

Kwa mama ntilie wa Mwanga au stendi, chakula kisicho na nyama kipo tele na ni cha bei ya chini: wali maharage, makande, ugali sombe, chapati maharage, ndizi. Mtego uko kwenye upawa. Wali maharage ukishapakuliwa, mama ntilie mkarimu hukurushia mchuzi wa nyama juu "upate rangi". Hafanyi vibaya, anakupendelea. Ukimwambia hutaki nyama, atatoa vipande na kuacha mchuzi, kwa kuwa kwake nyama ni vile vipande.

Maneno mepesi yaliyosemwa mapema yanatosha: "Mama, shikamoo, naomba wali maharage, mchuzi wa nyama usiniwekee." Hakuna haja ya hotuba. Sombe iulizwe kama ina dagaa, maana mara nyingi inayo. Ndizi ziulizwe zimepikwa na nini. Pilau, hata ile isiyoonyesha kipande, kwa kawaida imepikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo anayetaka kuiepuka kabisa achague wali mweupe. Katlesi na sambusa zitobolewe kabla ya kupewa mtoto. Kachori na bagia ni za kuaminika zaidi.

Kwenye vibanda vya chipsi jioni kuna chipsi kavu na kuna chipsi mayai, zege kama vijana wanavyoiita. Mafuta mara nyingi ndiyo yale yale yaliyokaanga kuku. Kama mtu ameacha nyama kwa sababu ya presha au uzito, zege kila Jumamosi haitamsaidia, hata kama haina nyama. Hilo linawapata wengi: nyama inatoka, chipsi na soda zinaingia, na mizani inapanda.

Kwenye hoteli zenye menyu, jambo zuri ni kuuliza jikoni kuna nini badala ya kusoma karatasi. Sahani za pembeni zikiunganishwa, yaani maharage, mboga za majani, kachumbari, ndizi za kukaanga na wali, zinatoa mlo ambao hauonekani kama adhabu. Na mtoto aachwe aagize mwenyewe. Mtoto aliyeacha nyama kwa hiari yake huaibika sana mama yake anapomweleza mhudumu habari zake kwa sauti.

Iddi, Krismasi na kuku wa mgeni

Hapa ndipo penye jasho.

Ujiji ni mji wa Waislamu wa miaka mingi, na Iddi el-Hajj ni siku ya kuchinja. Desturi ni kuigawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la ndugu na majirani, na la wasiojiweza. Sahani iliyofunikwa ikiletwa na mtoto wa jirani, imebeba ujirani kuliko inavyobeba nyama. Kuirudisha ni kosa kubwa kuliko kuila. Mtu asiyekula huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, na walio ndani wanaokula watakula. Sahani nayo hairudi tupu. Inarudi na matunda, na kalimati, na chochote kilichopo. Aliyeacha nyama bado anaweza kununua mbuzi na kugawa yote. Wala hakuna anayemkagua sahani yake siku hiyo.

Kwa Wakristo, Kwaresima imewazoesha wengi kuacha nyama kwa muda, na kwa familia ya Kikatoliki siku 40 hizo ni nafasi ya kujaribu bila kuulizwa maswali. Krismasi ndiyo ngumu. Ushauri wa waliopita njia hiyo ni kuleta chungu chako. Anayefika kwa shangazi na sufuria kubwa la pilau ya njegere na viazi, yenye mdalasini na iliki za kutosha, hageuki mzigo kwa mwenyeji. Mara nyingi sufuria lake ndilo la kwanza kwisha, na tatizo jipya linakuwa kubakiza chake.

Kuku wa mgeni ni mtihani wa peke yake. Mwenyeji wa kijijini ameshachinja kabla hujafunga mwavuli. Ndiyo maana taarifa itangulie kwa simu, siku mbili kabla, na ipitie kwa mtu wa katikati, shemeji au wifi, kwa sababu kumwambia mama mkwe moja kwa moja "sili kuku wako" hakusemeki. "Mama, daktari kanizuia nyama, nina hamu na maharage yako" kunasemeka, kama ni kweli daktari kakuzuia. Kama si kweli, "siku hizi sili nyama, lakini sombe yako nimeiota njia nzima" kunatosha na si uongo.

Ikiwa taarifa haikufika na kuku yuko mezani, wapo wanaokula kipande kidogo kwa heshima ya mwenyeji na kuendelea na safari yao kesho yake. Wapo wasioweza, na kwa mtu wa imani au wa dhamiri hilo linaeleweka. Huyu achote mchuzi wa mboga, amsifie mpishi, na awaachie watoto kuku, ambao hawatalalamika. Firigisi ya baba nayo itapata mwenyewe. Watoto huigombania.

Likizo njiani

Kigoma ni mwisho wa reli, na reli hiyo, iliyofika ziwani mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Ni safari ndefu ya kula. Vituoni wauzaji huja madirishani na mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, mihogo, mahindi ya kuchoma. Mtu asiyekula nyama anasafiri vizuri kwenye treni kuliko kwenye basi, ambalo husimama kwenye hoteli moja kwa dakika chache na kuku wa kukaanga ndiye aliye tayari. Wa basi afungashe chapati na maharage makavu, na amalize siku hiyo hiyo, joto lisiyaharibu.

Wanaokwenda Gombe kwa boti kutoka Kibirizi wajifungashie pia, na kabla ya kuwaahidi watoto waulize hifadhi kuhusu masharti ya umri wa kuwatembelea sokwe. Chakula kifichwe, nyani wa pale hawaombi ruhusa. Wala sokwe wasipewe kitu, hata ndizi, kwa kuwa wanaambukizwa magonjwa ya binadamu kirahisi.

Usiku wa filamu

Zamani mtoto alikwenda kibanda umiza kwa siri. Leo filamu zimo kwenye simu ya mama, na hapo ndipo watoto wengi wanapokutana na wazo la kuacha nyama kwa mara ya kwanza. Chicken Run ya mwaka 2000 ni habari ya kuku wanaotoroka wasigeuzwe chakula. Babe ya mwaka 1995 ina nguruwe anayeponea chupuchupu, na James Cromwell, aliyecheza kama mkulima, aliacha vyakula vyote vya wanyama wakati wa kuitengeneza. Katika Finding Nemo ya mwaka 2003 kuna papa walioapa kutokula samaki, hadi mmoja wao anaponusa damu na kiapo kinasahaulika. Mtoto wa Kigoma aliyekula dagaa mchana hucheka hapo, kisha hunyamaza kidogo.

Mtoto wa miaka minane akisema baada ya filamu kwamba hali tena kuku, asichekwe na asilazimishwe. Aulizwe atakula nini badala yake, na apewe yai, mtindi, maharage na, akikubali, dagaa. Baadhi hurudi kwenye kuku ndani ya wiki. Wengine hawarudi, na wakila vizuri hivyo vingine wanakua kama wenzao. Wa kuangaliwa kwa karibu ni yule anayeacha nyama, kisha maharage, kisha mboga, akabaki na wali na soda. Huyo apelekwe kituo cha afya akapimwe uzito na damu.

Chakula chenyewe cha usiku huo ni sehemu nyepesi kuliko zote, maana vitafunwa bora vya kutazamia filamu havijawahi kuwa na nyama: bisi, karanga za kukaanga, kashata, mahindi ya kuchoma, mihogo ya kukaanga yenye chumvi, pilipili na ndimu. Mihogo hiyo ikiwa ya moto, hata harufu ya mishikaki nje hupungua nguvu.

Kwa familia inayotaka filamu ya nyumbani, ipo Jane ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Brett Morgen kutokana na zaidi ya saa 100 za picha alizopiga Hugo van Lawick huko Gombe katika miaka ya 1960. Watoto wataona milima na ufukwe wanaoujua. Na wakisikia kwamba sokwe nao huwinda mbega, mmoja atauliza swali ambalo mzazi afadhali awe nalo tayari: ikiwa sokwe anakula nyama, kwa nini Jane aliacha?

Jibu fupi ni kwamba chakula kikubwa cha sokwe ni matunda, nyama ni bahati ya siku moja moja, na sokwe hana pa kwenda kununua maharage.